Msiba wa Redio Pale Ipagala

Jamani, aibu ninazo nyingi, nyingine nimeshazizoea, lakini hii ya msiba wa redio mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimefunika uso, mwiko mkononi. Nawasimulia nyinyi kwa sababu mtaa mzima wa Ipagala unaijua, kwa hiyo bora muisikie kwangu kabla ya wenye kuongeza chumvi (kuna wanaosema nilikuwa nacheza muziki, sikucheza, nilitikisa kichwa tu).

Chanzo ni ugonjwa wangu wa sanaa. Tulipohamia Dodoma kikazi nilikuwa mtu wa kulalamika kwamba mji hauna pa kwenda ukitoa nyama choma, mpaka nikakutana na Sechelela, binti msanii mwenye kikundi chake cha vijana, ambao sanaa yao huitazami ukutani, unaingia ndani yake. Mara ya kwanza walitulaza kwenye mikeka ndani ya ghala tupu, giza, juu yetu mabati, halafu wenyewe huko juu wakawa wanamwaga kokoto ndogondogo taratibu, basi unasikia mvua kabisa, na nje ni kiangazi cha kwetu hiki, vumbi mpaka kwenye kope. Kuna mzee mmoja alilia. Mimi nilipitiwa na usingizi nikakoroma, nikaomba radhi, Sechelela akaniambia na kukoroma ni kushiriki. Siku nyingine walitufunga vitambaa machoni wakatuzungusha kwenye stoo tukinusa tu, ufuta, sabuni ya mche, mafuta ya taa, nikanogewa hasa. Mke wangu, Mama Neema, nilimpeleka mara hiyo moja, akatoka anauliza kama zile sabuni zinauzwa.

Sasa ikatokea wiki ambayo Mama Neema alikuwa kwenye semina Chamwino, analala hukohuko, na Neema binti yetu yuko shule ya bweni, nimebaki peke yangu kama mlinzi. Sechelela akanipigia. Babu yake wa Kibakwe alikuwa na redio ya mbao, ile kubwa, ambayo enzi zake kijiji kizima kilikusanyika kusikiliza matangazo ya vifo, na sasa redio yenyewe imekufa na hakuna wa kuitangaza, kwa hiyo anataka kuifanyia msiba, msiba kamili, mgeni anaingia sebuleni peke yake, anakaa kwenye mkeka, anaiambia redio jambo moja analolikumbuka, basi. Shida yake ilikuwa nyumba.

Hapo ndipo ningesema ngoja nimuulize mwenye nyumba, maana ile nyumba mwenyewe ni Mama Neema, mimi nalipa tu kodi. Na Mama Neema hapendi watu wakanyage uwanja wake, ana mzabibu pale anauongelesha kuliko anavyoniongelesha mimi. Lakini nikapiga hesabu ya kijinga, kwamba yeye anarudi Jumamosi jioni, msiba utaisha mchana, tutafagia, hatajua. Nikasema sawa, njooni.

Jumamosi asubuhi wakaja. Turubai likasimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, mabinti wa kikundi wakajifunga khanga wakakaa chini na nyuso za huzuni, moto wa kuni ukawashwa na sufuria kubwa ya chai ikapandishwa. Sebuleni mapazia yakafungwa, sanduku likawekwa katikati limefunikwa shuka jeupe, ndani yake redio, na mahali fulani kaspika kanatoa ile mikwaruzo ya stesheni inayotafutwa. Nikamuuliza Sechelela, hatuweki bango pale getini kwamba hii ni sanaa? Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, tukiweka bango tumeiua." Mimi akanipa kazi ya mpokezi, nivae shati jeusi nisimame getini, ila nitabasamu, ili wageni wasiogope.

Nikatabasamu. Wageni wake wa mjini wakaja, wakaingia mmojammoja, na jamani kazi ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanatoka wanafuta macho kweli, wamewakumbuka baba zao na nini. Mimi getini najiona meneja.

Mara akapita Mama Tausi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anatoka sokoni na kapu lake. Huyu na Mama Neema walikuwa hawasemeshani tangu kuku wake waruke ukuta wakamaliza miche yetu ya mchicha. Akasimama. Akatazama turubai, akatazama wale mabinti, akanitazama mimi na shati langu jeusi. Akaweka kapu chini, akafungua khanga ya begani akajifunga kiunoni, akaingia. Nikafurahi, nikasema hata Mama Tausi sanaa imemfikia.

"Innalillahi. Pole sana, shemeji."

"Asante sana, karibu, jisikie huru," nikajibu, meno yote nje.

"Ilikuwaje lakini?"

Tulikuwa tumeagizwa tuiite redio marehemu na tuizungumzie kama mtu, kwa hiyo nikasema, "Uzee tu, Mama Tausi. Sauti ilishakwisha. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta mwingine."

Akanitazama mdomo wazi, halafu akaenda kukaa na wale mabinti akaanza kulia kwa sauti. Nikaona sanaa imemwingia vibaya sana.

Sasa nyinyi mnatujua. Kwetu mtu hasimami getini kuuliza nani amekufa, unaona turubai unaingia, unakaa, unamnong'oneza aliye karibu yako, na aliye karibu yako anakupa alichopewa na wa pembeni yake. Na Mama Neema alikuwa hajaonekana tangu Jumatatu. Wanawake wakaanza kuingia na unga kichwani, kuni begani, mmoja na gunia la mkaa, wanaume wakavua makoti wakaanza kupanga viti upya kwa sababu tulivyopanga sisi haikuwa sawa, turubai la pili likaja sijui limetoka wapi. Bibi mmoja akanishika mikono miwili, "Mbukwenyi, mwanangu," akashindwa kuendelea na salamu yake ya Kigogo kwa machozi. Sebuleni hakuna jirani aliyeingia, wanajua kuaga kuna wakati wake. Mimi bado natabasamu. Sechelela akaja ananinong'oneza anatetemeka kwa furaha, "Kaka, hawa wanashiriki kuliko waigizaji wangu."

Ikaja kwaya. Kwaya ya kanisani kwetu, na sare zao. Hapo kichwa kikaanza kunigonga kidogo, maana kwaya sikuialika na Sechelela naye hakuialika. Mwalimu wa kwaya akanikumbatia, akasema, "Sauti ya pili sasa ataishika nani?"

Sauti ya pili anaimba Mama Neema.

Nikatoa simu nikampigia, imezimwa, kule semina wanazima. Nikapiga tena. Wakati huo mwenyekiti wa mtaa, mzee wetu mmoja mpole sana, akanijia na kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jikaze, mwanangu. Gari tumepata, vijana wanatoka sasa hivi kumfuata Neema shuleni. Tulikuwa tunauliza tu, mtoto tumwambie nini?"

Hapo tabasamu likafutika lenyewe. Nikamwona mwanangu anaitwa kutoka bwenini. Sikusubiri tena Sechelela wala sanaa yake, nikanyakua kipaza sauti cha kwaya nikapanda kwenye kiti na kusema wazi, "Jamani, gari lisiondoke. Hakuna mtu aliyekufa hapa. Marehemu ni redio."

Kuku wa Mama Tausi ndio waliosikika. Halafu mwanamke mmoja kule nyuma akasema kwa uchungu, "Maskini, ameshachanganyikiwa," na uwanja mzima ukaangua kilio upya, mkubwa kuliko cha mwanzo. Wakanishusha kwenye kiti, wakanilaza kwenye mkeka, vifungo vya shati vikafunguliwa, mmoja ananimwagia maji kichwani, mwingine ananipepea na mfuniko wa ndoo. Nikawa napiga kelele ingieni ndani muone, ni redio, ni redio ya mbao, na mwenyekiti amenishika mkono ananiambia taratibu kama anambembeleza mtoto, "Ndiyo, mwanangu. Ni redio."

Bajaji ikasimama nje.

Semina ilikuwa imefungwa mapema. Mama Neema akashuka na begi lake, akaona maturubai mawili nyumbani kwake, kwaya, moshi wa kuni, wanaume wamekaa na vichwa chini. Sasa na yeye mtu wa kwetu, hakuuliza getini. Alijua nyumba ile mtu mzima aliyebaki ni mmoja. Begi likaanguka, kiatu kimoja kikabaki barabarani, akapita anakimbia, "Baba Neema, umeniacha na nani, Baba Neema," akanipita mimi nimelala pale natiririka maji, akaingia sebuleni akajitupa juu ya sanduku na kulivuta lile shuka.

Uwanjani, mlikuwa mnapaswa kuwepo. Sauti ya kwanza ya kwaya iliruka ukuta. Sufuria ya chai ilipinduka ikazima moto. Mwenyekiti, mpole yule, aliniachia mkono, na mpaka leo hajanieleza alikuwa anaelekea wapi. Aliyebaki ni Mama Tausi. Huyo alinyanyuka, akaingia ndani polepole, akamkuta Mama Neema amepiga magoti ameshika redio haelewi, akaweka kiganja kwenye shavu lake, akatuita nje kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni wa moto. Yupo."

Wakakumbatiana wakalia wawili. Habari ya mchicha ikaishia hapo.

Mwenyekiti aliporudi alimzuia dereva, halafu akatusema, mimi na Sechelela, tumesimama mbele ya watu kama wezi wa mbuzi. Alisema turubai si la kuchezea, likisimama watu wanaacha shughuli zao, na tukilizoesha uongo iko siku litasimama la kweli watu wapite. Sechelela alipiga magoti akaomba radhi kwa akina mama, analia kweli. Lakini ugali ulishasongwa na mlenda ulishaiva, na chakula cha watu wengi vile hakirudi unga, tukala. Baada ya kula yule bibi wa Mbukwenyi akasema yeye amekuja kuaga na ataaga, akaingia sebuleni, akakaa na ile redio kwa muda, akatoka. Basi wakafuata wengine, mmojammoja, mtaa mzima. Mama Neema akaingia wa mwisho. Alichoiambia redio hajaniambia.

Mimi aliniambia baadaye, tukifagia, chini ya mzabibu wake uliovunjwa tawi.

"Mimi nimelia mpaka kiatu kimenitoka."

"Najua, mke wangu. Nisamehe."

"Wewe nimeambiwa ulikuwa unacheka. Na mwingine je, umeshampata?"

Adhabu yangu iko wazi, kila msiba wa mtaa wetu mimi ndiye mbeba turubai na mtafuta kuni, na uwanja ule siazimishi tena hata kwa kipaimara bila kibali cha mwenyewe. Sanaa bado naenda, sitawadanganya, ila nauliza kwanza getini. Na tukiwa tunaingia kwenye msiba wa watu, Mama Neema ananishika mkono kama mke mwenye huzuni, ananifinya, ananiambia chinichini, "Baba Neema, meno."