Mwenyekiti Skaugstad na Kulungu wa Mwisho

Verlyn Skaugstad alikuwa na pua kubwa, sauti kubwa zaidi, na cheo cha mwenyekiti wa chama cha wawindaji wa Tamarack Hollow, kijiji cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Wisconsin, Marekani. Cheo hicho, kama alivyopenda kusema mwenyewe, alikipata kwa sababu siku ya uchaguzi wenzake walitoka nje kutazama trekta jipya la mtu, yeye akabaki ndani akimalizia jibini.

Alikuwa ameendesha lori la maziwa maisha yake yote. Wenzake wakistaafu hununua mashua. Yeye alijinunulia ugomvi na idara ya wanyamapori ya jimbo. Kila msimu uliopita bila yeye kuua, alitangaza kwamba kulungu wamekwisha. Idara inagawa vibali vya kuua majike kama peremende, alilalamika, na bado inataka ada ya leseni ipande!

Arlys, mkewe, alikuwa na maelezo mengine.

"Hawajaisha, Verlyn. Wewe ukipanda kwenye dungu lako la kuwindia unalala. Unakoroma mpaka ndege wanahama."

"Nafumba macho ili nisikilize vizuri."

"Unasikiliza kwa mdomo wazi?"

Hayo Arlys aliyasema akitoka bustanini, alikokuwa akiwafukuza kulungu kwenye kabichi zake kwa sufuria na mwiko. Verlyn alijibu kwamba kulungu wa kabichi hawahesabiki.

Vuli ile kamati ya bunge la jimbo ikaita kikao Madison, makao makuu ya jimbo, kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu ile ada. Chama kikamtuma mwenyekiti akapinge. Asubuhi Verlyn alivaa tai ya harusi yake, ambayo kwa unene wa sasa iliishia juu ya kitovu, akaingia kwenye pikapu akiwa peke yake. Njiani alifanya mazoezi ya hotuba kwa sauti.

"Waheshimiwa! Ni lini mara ya mwisho mmemwona kulungu?"

Kulungu jike akachomoka kwenye mahindi.

Kishindo kilikuwa kibaya. Gari lilipotulia, moshi ulikuwa ukifuka kwenye boneti na mnyama amelala kando ya barabara. Verlyn alishuka, akapiga goti na kumwekea mkono shingoni. Bado alikuwa na joto, lakini alishakufa. Akavua kofia. Miaka yote ya kuwinda, na huyu ndiye aliyemwangusha bila kukosea, kwa bampa.

Alipiga simu idarani, akasubiri mpaka kahawa ya kwenye chupa ikaisha. Hatimaye akaja askari wa wanyamapori, mwanamke wa makamo aliyeitwa Josie Wendorf, matope mpaka magotini.

"Samahani mzee, nilikuwa mtoni, kuna watu wanavua kwa nyavu."

"Hakuna mwenzako wa karibu?"

"Mwenzangu alistaafu. Nafasi imebaki wazi, hakuna fungu." Akamtazama vizuri. "Wewe si yule Skaugstad anayetusema gazetini?"

"Huyo ni binamu yangu."

"Mmegawana na pua?"

Pikapu ikavutwa gereji. Josie alikuwa akienda Madison kupeleka vichwa vya kulungu maabara, vipimwe ugonjwa unaowakondesha hadi kufa, maana dereva aliyekuwa akivipeleka naye hakuwepo tena. Akampa Verlyn lifti, na yule jike wakampakia nyuma, naye apimwe.

"Kwani hizo kodi zetu zinakwenda wapi?" Verlyn aliuliza.

"Kwetu hazifiki sana, mzee. Sisi tunaishi kwa leseni zenu. Na wawindaji wanazeeka, vijana hawaji."

Kila walipopita shamba lenye kundi la kulungu, Josie alipunguza mwendo, bila kusema neno. Verlyn alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mpaka wanafika mjini, mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kuinama.

Kikaoni, jina lake lilipoitwa, alisimama mbele ya kipaza sauti, akaanza sentensi yake ya kwanza, akaiachia katikati. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, akainama mbele.

"Bwana Skaugstad, hiyo ni damu kwenye tai?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ya kulungu wa mwisho wa Wisconsin. Nimemgonga leo asubuhi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Verlyn akangoja kitulie.

"Nimetumwa kupinga ada. Lakini nimeletwa hapa na askari anayefanya kazi ya watu watatu, na njia nzima nimeona kulungu ambao nimekuwa nikiwaambia watu hawapo. Kwa hiyo pandisheni. Ila pesa yetu isiishie kwenye viti vya ofisini. Jazeni nafasi za askari. Na hao wataalamu waje watuhesabie wanyama sisi tukiwepo, kwa sababu mwenyekiti wetu ana matatizo ya macho."

Kijijini hakupigiwa makofi. Orville Tschudy, rafiki yake wa tangu utotoni, alisimama chamani uso mwekundu.

"Tumekutuma ukapigane na serikali, umerudi umechumbiwa nayo!"

"Angalau kuna anayenitaka, Orville."

Wakapiga kura kumwondoa. Ikapita. Kisha wakaulizana nani achukue nafasi yake, aandae mikutano na kufagia ukumbi. Kila mmoja akakumbuka ana ng'ombe wa kukamua. Wakapiga kura nyingine, kumrudisha.

Kamati ilikubali nyongeza, ndogo kuliko iliyoombwa, na majira ya kuchipua Josie alipata mwenzake. Wataalamu nao walikuja, na Orville, baada ya kununa wiki nzima, alipanda gari lao kwenda kuhesabu na kubishana nao juu ya kila mkia.

Leseni mpya zilipotoka, Verlyn alikuwa wa kwanza dukani. Akaambiwa bei, akashika kifua.

"Huu ni wizi wa mchana!"

"Si wewe uliyeomba ipande?" muuzaji akamuuliza.

"Ndiyo," alisema Verlyn, akitoa pochi kwa uchungu. "Lakini nani aliwaambia wanisikilize?"