Alizeti za Memsahib Nilizowapelekea Wakwe

Chekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata kwa wakwe zangu kule Bondeni hata wajukuu wanaijua.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nalima bustani ya mzungu karibu na Njoro, na memsahib, mke wake, alikuwa amepanda alizeti chini ya miti, si hizi za kukamua mafuta, zake zilitoka kwao ng'ambo, zinakauka kabisa unasema zimekufa, halafu mvua ikinyesha zinachipuka zenyewe, ndefu kunishinda (na mimi si mfupi), mpaka msitu wote unakuwa manjano. Ee Mungu wangu! Nilikuwa nasimama na jembe mkononi nasahau kazi.

Siku moja nikang'oa shina moja, nikakuta viazi mizizini. Memsahib akasema, "Hivyo vinaliwa. Chukua." Nikawaza, Jumamosi naenda kwa kina Rasoa, msichana niliyempenda, kuomba mke, nitaendaje mikono mitupu? Nikajaza kikapu. Kuonja? Wapi!

Mama mkwe akavipika, akaviponda na maharagwe (maharagwe, jamani!), tukala tukasifu. Baba mkwe, mzee wa reli asiyecheka ovyo, akasema tuombe kwanza ndipo tuzungumze mahari. Tukiwa tumefumba macho tumbo langu likaanza kunguruma. Kwetu mbele ya mama mkwe hata kupiga chafya ni haya, sasa hii je? Nikabana, jasho likanitoka, nikaona afadhali nikohoe kwa nguvu nifunike ile sauti, na huko kukohoa ndiko kulikoniponza, hewa ikanitoka. Nyumba nzima ilisikia.

Mama mkwe akatoka mbio, amejifunika leso usoni. Shangazi yake Rasoa akafoka, "Huyu haoi hapa!" Nikachukua kofia yangu, machozi yakinilenga, Rasoa ndiye huyo ananipotea.

Mzee akasimama anifukuze. "Kijana," akaanza, na yeye ikamtoka, ndefu, mbele ya watu wote. Kabla hatujapumua, shangazi naye.

Mzee akakaa polepole. "Rudi ukae. Makosa ni ya kikapu."

Maganda ya vile viazi yalitupwa nyuma ya jiko, na mvua zilipokuja yakachipuka, yakapita paa, manjano matupu, majirani wakaja kushangaa. Mama mkwe, ambaye tangu siku ile hakuwa amenitazama usoni, akaniita. "Baba, njoo uone viazi vyako." Tukasimama pale vinywa wazi.

Tangu hapo chakula nisichokionja sipelekei mtu. Alizeti ninazo bado, na Rasoa ninaye, na kila mwaka zikianza kuchipuka ananiangalia, halafu anakohoa kwa nguvu.