Kulukulu Aliyetulia Sana

Igoki ndiye mpiga picha wa harusi tunayemtegemea hapa Kibugu, na sifa yake ni kusafisha. Chunusi za bibi harusi, nyaya za stima nyuma ya kanisa, kamba ya kuanikia nguo, vyote huvifuta kwenye kompyuta mpaka wenyewe wanajishangaa. Jumatatu hujipigia picha za ndege. Ndiyo starehe yake, na mimi jirani yake sijaona starehe nyingine inayomrudisha mtu nyumbani na tope kiasi hicho.

Jumatatu hiyo nilimkuta ana furaha ya kupindukia. Kulukulu, yule ndege wa kijani anayeficha wekundu mabawani, alikuwa ametua kwenye mpera ukingoni mwa shamba lao la chai, mabawa wazi, akamwacha apige mpaka achoke. Akaketi kuisafisha picha. Akaongeza mwanga, akakoleza wekundu, akafuta uzi mwembamba uliokatiza mguuni. Kisha akamwita mumewe, Muriithi, aje aone.

Muriithi alitazama, uso ukambadilika.

"Hapo kwa mguu kulikuwa na kitu?"

"Kauzi tu. Nimekatoa."

"Hebu karudishe."

Akakarudisha, akaivuta picha karibu. Ilikuwa nailoni, imezama kwenye nyama.

"Ni yangu," Muriithi akasema. "Nilitegea wale ndege wanatumalizia mapera."

Igoki alinyakua makasi akatoka mbio, nasi nyuma yake, ukungu ukishuka. Alikuwa na hasira na mumewe, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe. Alikuwa amesimama chini ya ule mti akimshukuru ndege kwa kutulia.

Tulimkuta hai, ananing'inia kichwa chini. Muriithi akamkumbatia kwa koti. Igoki akapenyeza makasi, akiogopa kukata mguu. Akakosa, akajaribu tena, mimi nimeziba mdomo. Uzi ukakatika. Ndege akaruka kwa shida, akatua mti wa pili, akaanza kuita.

"Si unaona ako sawa?" Muriithi akasema, akihema.

"Panda utoe hizo zingine zote."

Akapanda. Vitanzi vikawa vinaanguka kimoja kimoja, na kule kwenye mti wa pili ndege hakunyamaza. Juu kabisa, penye majani mazito, mkono wa Muriithi ukasimama.

"Nini?" Igoki akauliza.

"Huyu mwingine ameshakufa. Walikuwa wawili."