Mistari Kwenye Bunduki ya Mzee Haji

Ipo siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na leo kwa kuwa umenikuta na chai mkononi na simu yako imeisha chaji, utaisikia. Nijibu kwa Kiingereza ukitaka, mimi nitaendelea na Kiswahili changu.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa bunduki, hapahapa London. Usicheke. Vijana wenzangu wa Wembley walikwenda kupakia mizigo kwenye maghala na kutunza wazee wa watu, mimi nikaingia karakana ya Fundi Jaswant, Kalasinga mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akiishi Queensbury. Nilikuwa nimeiva katika kazi ile. Ukiniletea bunduki kuukuu ya jeshi nilikuwa nakuonyesha alama zake zote: hii ya kiwanda, hii ya mkaguzi, hii ya kikosi. Ndivyo nilivyofundishwa, na niliiweza.

Basi akafariki Mzee Haji, jirani yetu, Mpemba aliyekuwa askari ujanani, na uzeeni alikuwa akienda klabu kushindana kulenga shabaha. Sheria ya huku, mwenye leseni akifa, bunduki yake hukabidhiwa fundi mwenye kibali. Tukaenda kuichukua. Ilikuwa ya jeshi, ya zamani, iliyogeuzwa kuwa ya mashindano, imetiwa mtutu mnene na mbao mpya pale mbele inaposhikwa kwa mkono wa kushoto.

Upande wa chini wa mbao hiyo palikuwa na safu ya mistari iliyochongwa. Matangani, kabla hatujaichukua, kuna jamaa aliiona, akamnong'oneza Salum, mtoto wa marehemu, kwamba askari huchonga mstari mmoja kwa kila mtu aliyemuua. Watu wengine midomo yao ingefaa kufungwa kwa kamba. Neno lile lilimwingia Salum, akamwambia mama yake kwamba Jumamosi, siku ya hitima, hatakaa mbele kupokea watu wanaomwombea mtu aliyejivunia kuua.

Mama yake, Bi Zuwena, akanipigia simu.

"Juma mwanangu," akasema, "nimeishi na Haji mpaka tumezeeka, lakini ya uaskarini hakupata kunihadithia. Kama ni kweli, niambie mimi kwanza."

Nilimhurumia sana. Nikaiweka bunduki mezani, nikapaka chaki kwenye alama, nikamulika taa. Kwenye chuma palikuwa na mishale miwili iliyogusana ncha. Mshale mmoja maana yake mali ya serikali, miwili ikigusana ncha maana yake serikali imekwisha kuiuza. Na mbao yenye mistari ilitiwa baada ya kuuzwa huko. Kwa hiyo mistari ile haikuchongwa vitani. Nikanyanyua simu kumpa Bi Zuwena habari njema.

Fundi Jaswant akaishika simu juu ya mkono wangu. Akaniuliza, je, mzee hakuweza kuichonga baadaye, akikumbuka? Nikairudisha simu mahali pake.

"Wewe umejua mistari hii si nini," akasema. "Mama atakuuliza ni nini. Bunduki ya mashindano haisomwi mezani, Juma. Mwenyewe alikuwa analala chini kuilenga. Mwite kijana wake aje alale."

Nikataka kulala mimi. Akakataa, akasema mkono wangu si wa ukoo ule.

Salum akaja na suti yake ya ofisini, uso umemkunjamana. Fundi akahakikisha bunduki haina risasi, akatandika busati, akamlaza kifudifudi na kumvisha ukanda wa bunduki mkononi. Salum akanung'unika kwamba amekuja kupewa jibu, si kufundishwa kulenga. Fundi akamwambia afumbe macho, asogeze mkono wa kushoto mpaka utulie wenyewe.

Mkono ukateleza juu ya mbao, ukasimama. Nikainama kutazama. Ukingo wa kiganja chake ulikuwa umekaa sawasawa juu ya mstari mmojawapo, ule ambao mbao yake ilikuwa imelainika na kung'aa kwa jasho. Fundi akavua koti lake zito, akamvika, akamwambia arudie. Safari hii mkono ukarudi nyuma, ukakaa juu ya mstari mwingine.

"Mlengaji lazima ashike palepale kila mara," Fundi akamwambia. "Ukivaa nguo nzito mkono haufiki mbali. Huu wa shati. Huu wa sweta. Huu wa koti la baridi. Baba yako alikuwa anahesabu nguo zake."

Salum hakuinuka. Alibaki amelala pale, suti na yote, shavu juu ya kitako cha bunduki, akilia bila kujificha. Baadaye akasema, "Mkono wake ulikuwa sawa na wangu." Nami nililia, sioni aibu kukwambia.

Bi Zuwena nilipomweleza alicheka huku machozi yakimtoka, akasema sweta lile alilifuma yeye, maana Haji na baridi ya nchi hii hawakupatana hata siku moja. Jumamosi, Salum alikaa mbele kabisa.

Nakuusia hivi, mwanangu. Sisi wazee wako tumepita mahali usipopajua, na miili yetu na vitu vyetu vina alama ambazo hatukuwahi kukueleza. Atakuja mtu akupe maana yake kwa mdomo mwepesi. Usimpokee haraka. Hata ukijua nusu ya jibu, usiridhike nayo. Nenda ukalale pale mzee wako alipolala, uweke mkono pale alipouweka, kisha ndipo useme.

Mungu akupe subira ya kututazama vizuri, akukinge na baridi ya nchi hii, na akujaalie watoto ambao, siku wakikuta mistari yako, wataijaribu kwa mikono yao kabla ya kukuhukumu. Haya, chukua sweta lako, nje kuna upepo.