Shikamoo Iliyokosea Njia

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, nikisubiri kupimwa presha, muuguzi kijana alipomsalimia mama aliyekaa karibu yangu.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo," mama akajibu.

Benchi zima likageuka. Mama, mwenye umri wa kumzaa muuguzi, akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyetukana.

"Ndicho kilichonileta," akasema. "Jana nimesahau jina la mwanangu. Nimemwita 'wewe' mpaka jioni."

Chumba cha daktari kimetengwa kwa pazia tu, kwa hiyo tuliyasikia yote. Mama anauza vitenge Kariakoo, chini ya ghorofa lililopata ufa. Kila asubuhi huutazama ule ufa kuona kama umerefuka. Usingizi hapati, na siku hizi analia ovyo.

"Kuna homoni inaitwa kotisoli," daktari akamwambia. "Ukishtuka, mwili unaimwaga ili uweze kukimbia. Ikikaa juu miezi na miezi, inavuruga kumbukumbu, inaleta huzuni na hasira. Mwili unakuambia kimbia, wewe unafungua duka. Tutakupima, lakini jitahidi kupunguza hofu."



"Sawa, mwanangu. Na ule ufa, nao tunaupunguzaje?"

Tukamsikia daktari akichana karatasi ya vipimo. Na mimi, mwenye maneno ya kujaza safu ya gazeti kila wiki, nikajifanya nasoma bango la chanjo ukutani.

Zamu yangu ilipofika, presha ilikuwa juu. Muuguzi akaniuliza kama kuna jambo linanitisha.

"Hapana," nikamwambia, huku nikiitazama dari kama ina ufa.