Chumvi ya Papa Kambale

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu: siku niliyosimama mbele ya depo, yaani ghala la kuuzia, ya mtu mwema katika mtaa wa Kampemba, Lubumbashi, nikasema maneno machache yaliyomfukuza mjini. Wewe umeniuliza kwa furaha jinsi ya kuanzisha bahari ndogo nyumbani, ndani ya tangi la kioo, pamoja na matumbawe na samaki wake. Nitakueleza. Lakini siwezi kukueleza habari ya maji bila kukueleza habari ya mtu huyo. Nimejaribu kwa miaka mingi kuzitenganisha, maana mimi ni mtu wa kupanga mambo katika vifungu, na sijafanikiwa.

Ilikuwa katika miaka ya mwisho ambayo nchi yetu iliitwa Zaire. Nilikuwa msaidizi wa profesa chuoni, nikiandika tasnifu yangu ya udaktari juu ya samaki wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini aliye laini kama ua na mwenye mikono inayowasha. Kisha wanajeshi wakapora maduka, wananchi wakawafuata nyuma, na maabara yetu nayo ikavunjwa. Walichukua meza, mabomba, hata vitasa vya milango. Profesa wangu, aliyekuwa mgeni, akapanda ndege pamoja na wageni wenzake. Chuo kikafungwa. Nilibaki na madaftari matatu na ukaidi mwingi, nikaamua kuijenga bahari yangu upya sebuleni kwa baba, mtaa wa Makomeno, katika mji ulio mbali na pwani kiasi kwamba wengi wetu hatukuwa tumewahi kukutana na mtu aliyeiona.

Nilifanya kila kitu kwa kipimo, nawe ufanye hivyo. Tangi lilikaa juma zima bila maji ili gundi ya vioo ikauke. Mchanga wa matumbawe niliuosha katika mabeseni mpaka maji yakatoka safi. Sikutumia maji ya bomba, kwa sababu niliogopa madini kutoka katika mabomba ya zamani. Nilikinga mvua kwa turubai. Tafadhali liangalie vizuri neno hilo, niliogopa madini, kwa sababu nitalijutia mbele ya macho yako. Nilikoroga chumvi ya baharini katika pipa, nikasubiri siku moja, nikapima, nikaongeza, nikapima tena. Pampu ilipokosa umeme niliiunganisha na betri ya gari. Kwa majuma matano tangi halikuwa na kitu ila mawe, mchanga na maji yanayozunguka, na jirani zetu walikuwa wakiingia, wakitazama, wakitoka wakitikisa vichwa. Vipimo viliponiambia kwamba maji yamekomaa, niliingiza konokono kwanza, kisha kamba wadogo wanne, kisha matumbawe mawili na anemoni, na mwisho kabisa samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kila mnyama nilimzoesha taratibu, nikidondosha maji ya tangi ndani ya mfuko wake tone kwa tone.

Wanyama hao na chumvi hiyo nililetewa na Papa Kambale. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwenye sauti kubwa, aliyeuza kwa jumla chumvi ya kupikia, mafuta na sabuni. Malori yake mawili yalileta mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Zambia. Nilipomweleza ninachotaka, alicheka mpaka akashika mlango, akaniita Mamzelle, kama msichana asiyeolewa anavyoitwa kwa Kifaransa.

“Mamzelle! Bantu bote banatafuta bukari, weye unatafuta bahari?”

Bukari ndio ugali wetu. Hata hivyo, safari baada ya safari, aliwasafirisha wanyama wangu mbele, kando ya dereva, ndani ya sanduku alilolifunika kwa koti lake mwenyewe. Na aliponikabidhi chumvi, ambayo kwetu huitwa munyu, alisema kabla sijauliza: “Mufuko ilipasuka kule Kasumbalesa, ku mupaka. Nikatia munyu yako mu saki ingine, mupya. Sikuchanganya na kintu.”

Mtu mwongo asingeniambia hayo. Nilikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo, na siku ilipofika sikuitumia.

Jumapili moja tulitarajia wageni baada ya misa. Niliona upande mmoja wa tangi uko wazi mno. Nikachukua kabatini jiwe la malakiti, lile la kijani lenye miviringo, ambalo karibu kila sebule ya Lubumbashi ilikuwa nalo. Letu alipewa baba alipostaafu mgodini. Nililiosha mara tatu, nikaliweka mchangani. Wageni walisifu sana. Sasa, malakiti ni madini ya shaba. Hata mtoto wa shule kwetu analijua hilo. Lakini kwetu malakiti lilikuwa pambo la juu ya kabati, na shaba ilikuwa kazi ya baba na moshi wa bomba refu la kiwanda. Nilizaliwa katikati ya vitu hivyo, ndiyo maana sikuviona.

Baada ya siku tatu kamba walilala chali. Konokono wakaanguka kutoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. Anemoni akanywea kama kitambaa kilichokamuliwa. Samaki wawili waliendelea kuogelea na kula. Hapo, mwanangu, hapo hasa nilipaswa kukaa kitako. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa mdomo wangu huu, kwamba shaba kidogo majini huua kamba na konokono upesi na huwaacha samaki hai. Badala ya kukaa, nilivaa viatu. Tasnifu yangu ilikuwa imekufa mara ya pili, na mara hii nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa.

Mbele ya depo kulikuwa na foleni ya akina mama wenye mabeseni. Chumvi ilikuwa haba siku zile, na kila mtu alikuwa amechoka na ana njaa.

“Karibu, Mamzelle,” Papa Kambale akaniita kwa furaha. “Samaki beko namna gani?”

“Banakufa, papa. Kamba bote banakufa. Munyu yako iko na sumu.”

Akina mama wa mbele wakageuka.

“Munyu gani?” akauliza mama mmoja.

“Iko ile ya samaki, mama,” Papa Kambale akajibu haraka. “Hapana ya kupika. Iko ingine kabisa.”

Yule mama hakumtazama. Alinigeukia mimi. “Na hii ya kupika? Weye ulisoma. Sema.”

Jibu sahihi lilikuwapo. Chumvi hizo hazikuwa zimewahi kukaa katika gunia moja. Mimi nilijua, na sentensi moja ingetosha. Lakini nilikuwa nimemkasirikia, nikataka aumie kidogo.

“Sijue,” nikasema. “Miye singenunua.”

Nimelichunguza jibu hilo mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa tasnifu yangu. Sikusema uongo wowote uliokamilika. Nilifungua mlango tu, nikajifanya sioni nani anaingia.

Yule mama alimwaga chumvi yake chini. Mwingine akapiga kelele dhidi ya wageni waliotoka mikoa mingine: “Bantu ya kuya! Banatuletea kifo mu saki!” Papa Kambale akainua mikono, akaita majina ya wateja wake mmoja mmoja, mama fulani, mama fulani, kana kwamba kuwataja kungewarudisha kuwa watu aliowajua. Mimi niliondoka. Nilitembea kwa mwendo wa kawaida, nikihesabu hatua.

Kesho yake asubuhi watu walivunja depo. Walianza kwa kumwaga chumvi matopeni wakiimba. Kisha, kwa kuwa mafuta na sabuni havikushukiwa na mtu, wakavibeba. Lori moja likachomwa. Papa Kambale alipigwa mbele ya mkewe, na wote wawili wakakimbilia katika ua wa parokia.

Nilipopata habari hizo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutoka nyumbani. Nilichukua mabakuli mawili na konokono wawili waliokuwa bado hai. Katika bakuli la kwanza nilitia maji mapya na chumvi ya gunia lilelile. Katika la pili, maji hayohayo na chumvi hiyohiyo, pamoja na jiwe la baba. Siku ya pili konokono wa kwanza alikuwa akitambaa. Wa pili alikuwa amekufa. Mabakuli mawili na siku mbili, mwanangu. Hakuna aliyenizuia kuwa na siku mbili.

Niliandika barua ya Kifaransa ya kurasa mbili nikieleza jaribio zima, kwa vichwa vya habari na mstari chini ya hitimisho, nikaipeleka parokiani. Papa Kambale alikuwa akipakia vyombo katika lori lililobaki. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Nilimsomea yote. Hakunikatiza.

“Umemaliza?” akauliza. “Muzuri. Umesoma muzuri. Lakini juu ya nini unanisomea miye? Miye nilijua tangu mwanzo. Enda usome kule ku depo, mbele ya ba mama.”

“Papa, batanipiga.”

“Ndiyo,” akasema. “Banapigaka.”

Akarudi kufunga kamba za mizigo. Mkewe alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, na hakunitazama hata mara moja. Niliuliza kama wangependa nibaki nisaidie kupakia. “Hapana, Mamzelle,” Papa Kambale akasema kwa upole ambao bado unaniumiza. “Weye uko mutu ya karatasi.”

Waliondoka siku ileile, na Lubumbashi haikuwaona tena.

Nilifika Kampemba, usidhani sikufika. Nilisimama sokoni nikiwa na barua ndani ya mkoba. Yule mama wa swali alikuwapo, akinunua chumvi kwa mwingine, akilalamikia bei. Nilijiambia kwamba nisubiri watu wapungue. Kisha nikajiambia kwamba maelezo kwa Kifaransa hayatawafaa, ni lazima kwanza niyatafsiri. Nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani. Chuo kilipofunguliwa niliandika tasnifu nyingine, na ndani yake mna sura nzima kuhusu shaba katika maji ya chumvi. Watahini waliisifu kwa usahihi wake. Jina la Papa Kambale halimo.

Kwa hiyo, mwanangu, kuhusu tangi nasaha yangu ni fupi: usiharakishe maji, usiingize wanyama wengi kwa pamoja, na usiweke ndani jiwe usilolijua, wala lile unalodhani unalijua kwa sababu umekua nalo. Kuhusu watu ni ndefu zaidi. Kitu chako kikiharibika, anza kuchunguza mikono yako mwenyewe, na uchunguze kabla ya kuvaa viatu. Nchi inapotikisika na watu wanatafuta wa kumlaumu, usiwatajie jina. Watakuamini kuliko unavyostahili, hasa ukiwa umesoma. Ukiulizwa jambo unalolijua, lijibu lote, hata kama moyo wako unataka nusu. Na kama umemharibia mtu jina hadharani, usiende kuomba msamaha faraghani ukadhani umemaliza. Rudi mbele ya watu walewale, wakiwa bado wapo, kabla hujapata muda wa kutafuta sababu. Mimi nilipata muda, na sababu zote nilizozipata zilikuwa nzuri.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho karibu nawe. Akupe miguu ya kurudi mapema mahali ulipokosea, na ukifika, asikuache ununue nyanya.