Mwamina Anayepika Udongo

Mwamina Kaimu wa Nkowe alikuwa na tabia moja iliyomchosha mumewe: akiona udongo asioufahamu, lazima auonje. Wakichimba choo kwa jirani, yeye yupo kando ya shimo. Wakichonga barabara, anarudi nyumbani na donge kwenye pindo la khanga. Analimega, analitafuna kwa meno ya mbele, anatema. Ukilainika kama unga, unafaa kwa rangi. Ukikwaruza, una mchanga, hauna kazi.

Mambo hayo alifundishwa na bibi yake, aliyekuwa akiitwa kupamba kuta za udongo watu wakiwa na harusi au mabinti wakitoka unyagoni. Mwamina alirithi kazi, ila kuta zenyewe zikazidi kupungua. Mtu akiuza korosho zake vizuri anajenga kwa tofali na kupiga plasta, na plasta haitaki maua. Ndipo akahamia kwenye magunia. Anayakata, anayawamba kwenye fremu ya miti, anayapaka uji wa muhogo, na yakikauka anachora: wanawake wanaopeta ufuta, ndege, kuku wanaogombana. Picha zikajaa ukumbini. Alifika miaka arobaini na sita hajawahi kumuuzia mtu asiyemjua kwa jina.

Mwaka juzi likaja tangazo la mafunzo ya siku tatu Nachingwea mjini, kwa wachoraji na wachongaji, namna ya kutangaza kazi mtandaoni. Mwamina akaenda na simu ya mumewe, Bakary, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Walikuwa kumi na mmoja. Aliyekaa naye benchi moja ni mzee Saturnini, mchonga vinyago, ambaye alitangaza mapema kwamba amekuja kusikiliza tu.

Mwalimu wao, dada mmoja aitwaye Magreti, aliwaonyesha jinsi ya kupiga picha ya kazi: si juani, si gizani ndani, bali mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga. Wenzake wakaandika. Mwamina akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akiiona picha yangu huko aliko, mimi nitajuaje?"

"Utaona idadi ya waliotazama, mama."

"Idadi sawa. Yeye mwenyewe je? Nitajuaje amewaza nini?"

Magreti akatabasamu. "Hapo mpaka akuandikie. Na ili aandike, umpe kitu cha kumfanya aandike."

"Kitu gani?"

"Hicho sikijui, mama. Kila msanii anakitafuta chake."

"Umemkamata mwalimu," Saturnini akamnong'oneza. Lakini Mwamina hakutaka kumkamata mtu. Alitaka kujua.

Aliporudi Nkowe alifungua ukurasa, akauita Udongo wa Nkowe. Akarusha picha tisa, kila moja imepigwa mlangoni kama alivyofundishwa, na chini yake ameandika "Karibuni wateja." Mwezi ukapita. Laiki sita, moja ya Magreti na moja ya binti yake mwenyewe, Rukaiya, aliyeolewa Lindi.

"Pumzika na hiyo simu," Bakary akamwambia. "Mikorosho inataka dawa."

Alipumzika kweli, hadi asubuhi moja alipokuwa akichemsha chai. Alikuwa ameanika madonge ya udongo wa njano karibu na mafiga, na moja likabiringika likaingia motoni bila yeye kuona. Alipolichokonoa baadaye, lilikuwa jekundu. Akalivunja. Jekundu mpaka ndani. Miaka yote alikuwa akihangaika na udongo wa kichuguu ili apate nyekundu, na bibi yake hakuwahi kumwambia habari hii.

Akamwita Bakary ashike simu.

"Nikurekodi unapika udongo? Watu watasema nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua, watasema nini."

Akatwanga udongo wa njano, akaumwaga kwenye kigae juu ya moto, akawa anaugeuza kwa mwiko kama anayekaanga karanga. Rangi ilipobadilika akaiinamia simu na kusema, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimwera: "Umeingia njano, umetoka mwekundu. Mimi sijui kwa nini. Anayejua aniambie."

Akairusha video ukurasani, na siku mbili baadaye simu haikunyamaza. Mmoja aliuliza udongo huo unaliwa na mboga gani. Mfinyanzi wa Kyela akaandika kwamba kwao vyungu hufanya hivyohivyo, na yeye pia hajui sababu. Halafu mtu aitwaye Ashraf akaandika kirefu: ndani ya udongo wa njano mna kutu ya chuma iliyoshikana na maji, moto ukiyafukuza maji, kutu inabaki nyekundu. Alisema anafundisha kemia.

"Unafundishia wapi, mwalimu?" Mwamina akamwandikia.

"Ruponda."

Akaisoma mara tatu, akacheka peke yake. Amepiga kelele dunia nzima, na aliyeitika ni jirani.

Waliokuja kwa ajili ya jibu wakaanza kupekua picha. Mwanamke mmoja wa Arusha akanunua wale kuku wanaogombana, kisha rafiki yake akaagiza wapeta ufuta. Mzee Saturnini naye akapiga simu kutaka kujua amewapa watu nini hasa.

"Swali," Mwamina akamjibu.

Muhula ulipofunguliwa, Ashraf alimwalika shuleni kwake. Bakary akampeleka kwa pikipiki, ndoo tatu za udongo zikiwa zimefungwa nyuma. Wanafunzi wa kidato cha pili wakasogea kuzunguka jiko la mkaa, wakauona udongo ukigeuka. Kisha msichana aitwaye Zuhra akauliza, "Na mweupe ukichomwa, mama?"

Mwamina hakuwahi kuuchoma mweupe. "Ulete tuone."

Mweupe ulibaki mweupe. Wakajaribu wa kijivu uliotoka kisimani pao, ukaiva rangi ya chungwa ambayo Mwamina hakuwa nayo kwenye kopo lolote nyumbani. Akamwangalia Ashraf. Mwalimu akakuna kidevu, akasema itabidi akasome kwanza. Siku mbili zilizofuata walichora ukuta wa maabara kwa rangi hiyo, Mwamina akianzisha mistari na wanafunzi wakijaza, na Zuhra akishika simu na kuuliza juu ya kila kinachofanyika.